Piano ya mita mbili na robo tatu inataka makala yake

«Shikamoo Bi. Nafundisha watoto piano hapa Mombasa, wengine Nyali, wengine Tudor. Mwezi uliopita niliandika makala ya Kiswahili kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, Wikipedia, kuhusu Steinway D-274, ile piano kubwa inayowekwa kwenye kumbi za tamasha. Nilikesha siku mbili. Siku ya tatu nikakuta mhariri mmoja ameibandika bango: eti inasomeka kama tangazo la biashara, haina vyanzo huru, na anapendekeza iunganishwe na makala ya kampuni. Nimeumia, nisikufiche. Hii ndiyo piano ya karibu wapigaji wote wakubwa duniani, bei yake unajengea nyumba, na kwa Kiingereza ina makala yake. Kwa Kiswahili imekosa nini? Ama watu wa pwani kazi yetu ni kuandika juu ya taarabu tu? Habari zangu ni za uhakika, maana picha na brosha ya maelezo nilipewa na jamaa anayeuza piano. Niambie kweli: modeli moja tu ya piano inastahili makala, au nimejichosha bure? Na modeli nyingine nazo zifunguliwe milango? Nimekutumia makala nzima na brosha uvisome.»

Marahaba, mwanangu. Makala nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu nyekundu, kwa hiyo jiandae. Jibu fupi ni hili: piano hiyo inastahili makala, lakini makala uliyoiandika bado haijaistahili piano hiyo. Mhariri wako amekosea kidogo katika pendekezo lake, na amepatia kabisa katika sababu zake. Haya mawili huchanganywa kila siku, na mtu akishaumia ndiyo hayaoni tena.

Uchungu wako naujua. Nimekuwa mkutubi na mhariri wa vitabu vya rejea kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na bado makala yangu ya kwanza kwenye kamusi elezo ya mtandaoni ilifutwa kabla sijamaliza kuwapigia simu ndugu zangu waisome. Ilihusu shule niliyosoma. Nilinuna wiki nzima. Baada ya mwaka niliirudia nakala yangu nikacheka peke yangu: kila nilichoandika nilikitoa kwenye jarida la shule hiyo hiyo, na mhariri wa jarida alikuwa mwalimu mkuu.

Tuanze na neno linalokupoteza. Sharti la kitu kupewa makala kwa Kiswahili tumeliita umaarufu, na mtu akisikia umaarufu anafikiria sifa, makofi, picha magazetini. Ndiyo maana utetezi wako wote ni wa sifa. Lakini rudi kwenye asili ya neno lenyewe, lililotufikia kutoka Kiarabu: maarufu ni kitu kinachojulikana. Kamusi elezo haiulizi piano ni nzuri kiasi gani. Inauliza imejulikana kupitia kwa nani. Sharti la Wikipedia limekaa juu ya mafiga matatu. Kitu kiwe kimeandikwa kwa kina, si kutajwa kwa kupita. Kiwe kimeandikwa katika vyanzo vya kuaminika, vyenye mtu wa kuwajibika kosa likitokea. Na vyanzo hivyo viwe huru, yaani anayeandika asiwe na faida kitu kile kikinunuliwa. Ukitoa figa moja chungu kinamwagika. Kwa bidhaa kuna nyongeza: kawaida bidhaa huelezwa ndani ya makala ya kampuni yake, mpaka yenyewe iwe imeandikwa vya kutosha kusimama peke yake. Ndipo mhariri wako alipoegemea.

Sasa hoja zako. Bei: majumba ya Nyali nayo yana bei ya nyumba, na hakuna anayeyaandikia makala moja moja. Wapigaji mashuhuri: Vladimir Horowitz aliporudi Moscow mwaka 1986, miaka 61 tangu aondoke Umoja wa Kisovieti, alisafirishiwa Steinway yake mwenyewe kutoka nyumbani kwake New York. Magazeti yaliandika mengi. Yasome kwa makini, utaona yaliandika juu ya Horowitz, juu ya machozi ya wasikilizaji, juu ya siasa za wakati ule. Piano ilikuwa mzigo uliosafiri naye. Umaarufu si hina mbichi, kwamba ukimshika mkono bibi harusi na wewe unatoka na rangi.

Hoja ya Kiingereza ni nyepesi zaidi. Kila lugha ina wahariri wake na maamuzi yake. Makala kuwapo kwa Kiingereza ni dokezo kwamba huenda vyanzo vipo, basi. Kafungue makala ile, teremka chini kabisa uone imeegemea vitabu gani, halafu vitafute vitabu hivyo. Vyanzo si lazima viwe vya Kiswahili, wala si lazima viwe mtandaoni.

Lakini suala la uhuru wa vyanzo ndilo nataka nikae nalo, kwa sababu wewe unaamini jamaa muuzaji ndiye chanzo cha uhakika kuliko wote. Chukua sentensi yako ya tatu: «Zaidi ya asilimia 90 ya wapiga piano duniani huchagua Steinway.» Nimeifuata nyuma kama mtu anayefuata uzi wa kishada kilichokatika. Wewe uliitoa kwenye brosha. Brosha iliitoa kwenye matangazo ya kampuni. Na kampuni inahesabu yenyewe: inaangalia wapiga piano wanaotumbuiza na okestra katika msimu, inaona piano iliyo mbele yao ni ya nani. Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini fikiria inahesabu nini. Mpiga fidla anaingia ukumbini na fidla yake kwapani. Mpiga piano anakuta piano ya wenyeji, na ikiwa ukumbi ulinunua Steinway miaka thelathini iliyopita, basi ukumbi ndio uliochagua, yeye amekaa tu. Na wale wanaoitwa wasanii wa Steinway hawalipwi, hilo ni kweli na ni la kuwaheshimu, ila sharti mojawapo ni kila mmoja awe na Steinway yake. Neno «duniani» nalo sijui limeingilia wapi. Watoto wako wa Tudor nina hakika hawakuhesabiwa.

Hatari yake iko hivi. Gazeti linaokota sentensi hiyo kwenye taarifa ya kampuni. Wewe unaiweka kwenye kamusi elezo. Mwakani mwandishi wa gazeti jingine anaitoa kwako bila kusema, kisha anakuja mhariri mwema anaweka gazeti hilo kama chanzo cha sentensi yako. Uvumi umezunguka mtaa mzima umerudi kwa aliyeuanzisha, naye sasa anauamini kwa kuwa kila mtu anausema.

Chanzo huru kinakupa nini ambacho brosha haikupi? Nikupe mfano mmoja unaotugusa sisi wa bahari. Ndani ya piano, vile vijiti vinavyobeba nyundo vinacheza kwenye pini nyembamba, na kila pini inakaa ndani ya tundu la mti lililotandikwa kitambaa cha sufu. Mwaka 1962 kiwanda cha Steinway cha New York kiliacha kitambaa kikatia vijiringi vya Teflon, ile ile ya kwenye vikaango visivyoshika chakula. Wazo halikuwa la kijinga. Teflon hailiwi na nondo wala hainywi maji. Tatizo ni mti ulioizunguka, kwa sababu mti unakunywa. Hewa ikiwa na unyevu mti unavimba, hewa ikikauka unasinyaa, na kijiringi kimekaa vile vile hakijali. Nafasi inajitokeza baina yao, na piano inaanza kugonga ndani kwa ndani, tik, tik, juu ya muziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kilirudi kwenye kitambaa. Mafundi wa piano wameliandika jambo hili kurasa kwa kurasa, wengine kwa hasira, wengine kwa kulitetea. Kwenye brosha uliyonitumia nimehesabu neno «ubora» mara kumi na moja. Teflon haimo.

Na nani wa kutusimulia unyevu sisi? Kuna piano ya zamani kwenye ukumbi mmoja hapa mjini ambayo mvua za masika zikianza, kibonyezo cha fa kilicho juu ya do ya kati kikishuka hakipandi. Watoto wanaofanyia mazoezi pale wamejifunza kukiinua kwa ukucha wa kidole cha jirani bila kupoteza pigo, na mmoja, nasikia, alipokwenda kupiga piano nzima mahali pengine aliendelea kuinua kibonyezo ambacho hakikukwama. Ungeweka aya moja tu ya namna mti wa piano unavyoishi na unyevu, msomaji wa Mombasa angeona makala imeandikwa kwa ajili yake.

Basi kwa nini nasema D-274 inastahili? Kwa sababu hata brosha ukiitupa baharini pale Mama Ngina, bado kuna habari za kutosha zilizoandikwa na watu wasiouza kitu. Ila kwanza tusafishe makosa mawili. Umeandika kwamba ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1853. Mwaka huo ni wa kampuni, na mahali ni New York: Heinrich Engelhard Steinweg, fundi wa Kijerumani aliyehamia Marekani na familia yake, ndiye aliyeianzisha, na jina likageuka Steinway. Kiwanda cha Hamburg kilifuata mwaka 1880. Modeli D yenyewe ni ya 1884. Kosa la pili, umeandika 274 ni kilo. Ni sentimita za urefu, kama ilivyo kwa ndugu zake wote kuanzia S-155 hadi C-227. Uzito wake unakaribia nusu tani. Ingekuwa kilo 274, mahamali wanne wa Kongowea wangeipandisha ghorofani na kurudi kwenye viazi vyao.

Nyuma ya mwaka huo 1884 ndiko kwenye utamu. Kuna C. F. Theodor Steinway, mwana mkubwa wa mwanzilishi, aliyekuwa akiandikiana barua na Hermann von Helmholtz, mwanafizikia aliyechunguza sauti. Mwaka 1872 Theodor alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya jambo dogo kwa kulitazama. Kila waya wa piano una kipande kinacholia na vipande vya pembeni vilivyobaki nje ya daraja, ule mti unaobeba waya, ambavyo mafundi walizoea kuvizima kwa kitambaa visisikike. Yeye akavipimia urefu ili navyo viitikie. Mtu aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kuelezwa kiitikio kinafanya nini kwa mwimbaji. Hataza ya mwaka 1874 ya nduguye Albert ni ya pedali ya kati, inayoshikilia noti chache ulizochagua na kuziachia nyingine zizimike. Mwaka 1876 kampuni ilipeleka kwenye maonyesho ya Philadelphia piano kubwa iliyotangulia modeli D. Haya yote, pamoja na fremu ya chuma inayohimili mvuto wa waya wa takriban tani 20, yamechambuliwa na wanahistoria wa ala za muziki. Kisha kuna suala la miji miwili: piano ile ile kwa jina, inaundwa New York na inaundwa Hamburg, na wapigaji hubishana miaka nenda miaka rudi ipi ni ipi kwa sikio, kwa sababu nyundo za New York kwa desturi huja laini na kuimarishwa kwa laka, na za Hamburg huja zimeshindiliwa ngumu zaidi. Hata pembeni mwa kibodi utazijua: mikono ya New York ina kona kali, ya Hamburg imeviringwa.

Juu ya hayo, mwandishi mmoja wa gazeti la New York alifuata ujenzi wa piano moja ya aina hii tangu mbao zinakunjwa hadi jukwaani, akatoa kitabu kizima mwaka 2006. Mwaka 2007 ikatoka filamu ya hali halisi ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2008 kikatoka kitabu kingine juu ya CD 318, Steinway aliyoing'ang'ania mpiga piano Glenn Gould wa Kanada, ikaangushwa katika kusafirishwa mwaka 1971, na yeye akaendelea kuililia kama mtu.

Hapo lakini pana mtego, na mhariri mkali atakutegea. Kitabu juu ya CD 318 ni kitabu juu ya modeli, au juu ya chombo kimoja? Mimi nasema ni juu ya chombo kimoja. Fikiria siwa ya Pate, lile baragumu la pembe ya ndovu lililoko makumbusho ya Lamu. Wataalamu wameiandika yenyewe, ilivyochongwa, iliyokuwa ikipigwa kwa ajili ya nani. Siwa hiyo ingestahili makala hata kama hakuna mtu aliyewahi kueleza siwa kwa jumla ni nini. Na makala ya siwa kwa jumla haisimami kwa sababu siwa moja ni mashuhuri. Inasimama kwa sababu watu wamelinganisha siwa na siwa. CD 318 inaweza hata kudai makala yake. Kwa D-274 itumie aya moja, na uzito wa makala uweke kwenye vitabu vinavyoeleza muundo wenyewe na historia yake. Kile cha 2006 kiko katikati: kinafuata piano moja, lakini njiani kinaeleza kila moja ya aina yake inavyoundwa. Hicho ningekitetea bila wasiwasi.

Umeniuliza kijuujuu kama modeli nyingine nazo «zifunguliwe milango». Taratibu. Bösendorfer Imperial ya Vienna ningeipa makala bila mjadala: ina urefu wa sentimita 290 na vibonyezo 97 badala ya 88, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 mpiga piano Ferruccio Busoni alitaka besi za kwenda chini kama ogani ili apige kazi za Bach. Vile vibonyezo vya ziada hufunikwa au hupakwa rangi nyeusi ili mkono wa mpigaji usipotee, na waya zake huitikia hata zisipoguswa. Hapo pana kitu cha kueleza. Fazioli F308, inayoundwa Sacile kaskazini mwa Italia na kampuni iliyoanza 1981, ina sentimita 308 na pedali ya nne inayosogeza nyundo karibu na waya. Ningeisubirisha ndani ya makala ya kampuni mpaka mtu aniletee vyanzo viwili vizito. Yamaha CFX ilitoka 2010, na mwaka huo huo Yulianna Avdeeva akaipiga na kushinda mashindano ya Chopin huko Warsaw. Habari njema, ila ni habari ya Avdeeva. Ibaki kwa Yamaha. Modeli A, B na C za Steinway? Jedwali moja linazitosha.

Kwa hiyo una njia tatu. Unaweza kuitetea makala isimame peke yake. Unaweza kukubali iunganishwe. Au unaweza kuandika makala pana ya piano za tamasha, D-274 ikiwa mojawapo ya vyumba vyake. Ukiniuliza moyo wangu, njia ya tatu inanivuta, kwa sababu msomaji wa Kiswahili anayetaka kujua kwa nini piano nyingine inalala na nyingine inasimama ukutani atasaidika zaidi na hiyo kuliko na historia ya modeli moja. Lakini hukuniuliza hilo, na makala moja haizuii nyingine. Basi nakuwekea sharti. Ukipata kwa mkono wako vitabu viwili au vitatu katika nilivyovieleza, ukavisoma, simama na makala yako. Utashinda hoja bila kupandisha sauti. Usipovipata, kubali kuunganisha. Wala usitaje kitabu ambacho hujakifungua, hata kama makala ya Kiingereza imekitaja.

Kuunganisha si kuzikwa. Maandishi yako ya zamani yanabaki kwenye historia ya ukurasa, jina D-274 linaelekeza kwenye makala ya kampuni, na siku ukipata vyanzo unaitoa tena. Hata ikibaki fupi ya aya nne, ikawekewa alama kwamba bado ni mbegu, hakuna aibu. Mbegu yenye vyanzo vitatu naipenda kuliko mbuyu wa brosha.

Sasa hili la «watu wa pwani». Nimelisoma likanichoma kidogo. Mhariri yule hajui unatoka wapi, na bango lile lile lingewekwa na mtu wa Hamburg akiandika kwa Kijerumani namna ulivyoandika wewe. Halafu, yakhe, nani kakwambia piano si jambo letu? Neno letu kinanda zamani lilikuwa la ala ya nyuzi ya kukumbatia kifuani. Zilipokuja ogani, piano na mashine za santuri, zote zikapokelewa kwa jina hilo hilo. Na vibonyezo Mombasa imevipiga kwa namna yake. Tashkota ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na Morita Goro, ina vitufe kama vya taipureta juu ya nyuzi. Imesafiri mpaka kwenye harusi za Mombasa, ikamfuata mwimbaji wa taarabu Zuhura Swaleh mstari kwa mstari, ikakaa vizuri kwenye kundi la Maulidi Juma, na leo mtu mzima wa hapa akisikia mlio wake kwa mbali anajua kuna harusi ya wanawake. Watafiti wa muziki wameandika juu yake. Ukimaliza na Steinway, nakuomba kama mama: hiyo tashkota.

Turudi kwenye maandishi yako, maana kalamu nyekundu haijakauka. Umeanza hivi: «Steinway D-274 ni kito cha ufundi kisicho na mpinzani, ndoto ya kila mpiga piano, chenye sauti tamu kama asali ya nyuki wadogo.» Asali ya nyuki wadogo nimeipenda, kaiweke kwenye shairi. Kwenye kamusi elezo andika: «Steinway D-274 ni piano kubwa ya tamasha inayoundwa na Steinway & Sons mjini New York na Hamburg. Ina urefu wa sentimita 274 na vibonyezo 88, na iliingia sokoni mwaka 1884.» Ukitaka kusema inasifiwa, sema nani kaisifu, wapi, na yeye si muuzaji. Kisha mwekee pembeni aliyeikosoa.

Limebaki la huyo jamaa yako. Amekupa picha na maelezo. Amekupa kingine? Sikuulizi kwa ubaya. Lifti ya kwenda Nyali si hongo. Lakini ikiwa amekuahidi chochote kwa makala hiyo, hata punguzo la piano ya darasa lako, Wikipedia tangu 2014 imeandika katika masharti yake kwamba anayelipwa kuhariri lazima atangaze nani anamlipa. Liandike wazi kwenye ukurasa wako wa mtumiaji kabla halijaandikwa na mwingine. Na zile picha zitoe leo. Mpiga picha wa kampuni ndiye au kampuni ndiyo yenye hakimiliki; jamaa yako hawezi kukugawia kisicho chake. Kama kuna karatasi ulitia sahihi baina yenu, ipeleke kwa wakili uisome naye ana kwa ana, mimi sitoi ushauri wa mkataba ambao sijauona.

Mengine pia hayafai kwa maandishi. Tafuta mhariri mwenye uzoefu mkae kompyuta moja kwa saa mbili. Utajifunza zaidi ya barua kumi zangu. Fundi wa kutuni piano akufungulie kifuniko akuonyeshe pini na vitambaa kwa macho yako, uelewe unachokiandika, ingawa maneno ya mdomo wake hayawezi kuwa chanzo. Kwa vitabu, anza na maktaba ya umma hapa Mombasa, waulize kuhusu kuazima kutoka tawi jingine. Ukiwa na safari ya Nairobi pita Kenya Conservatoire of Music uulize wana nini rafuni. Maktaba za mtandaoni nazo huazimisha vitabu vilivyopigwa skani. Kwa tashkota, nenda RISSEA, taasisi ya utafiti wa Uswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa hapa hapa mjini. Ukikipata kitabu, piga picha ukurasa wa jina na ule wa mwaka wa kuchapwa kabla hujapiga picha ya kingine chochote. Wengi husahau, halafu hurudi mbio wakakuta kimeazimwa.

Na lile bango usilitoe mwenyewe. Ingia ukurasa wa majadiliano, mshukuru mhariri, orodhesha vitabu ulivyosoma na kurasa zake, mwambie umeondoa brosha na picha, kisha umwachie wiki moja.